Kompyuta Iliyofaulu Kwenye Baridi

Kitu cha kwanza alichofanya Luciana kila alipoletewa kompyuta kilikuwa kuinusa. Hakuiwasha, hakuuliza bei, hakuuliza imetoka wapi. Alifungua skrubu za nyuma, akavua kava, akaingiza pua ndani kama mtu anayekagua maziwa yaliyolala, halafu akakunja uso. Uso wake ulijua kukunjika. Watu wa mtaa wake wa Milanzi walisema Mungu alimpa ile mikunjo akiwa bado kijana kwa sababu alijua ataitumia sana.

Na kusema haki, vilivyokuwa ndani ya zile kompyuta vilistahili. Ilikuwa mwaka 2001, milango ya biashara imeachwa wazi, na kila kilichochosha watu Ulaya kilikuwa kimepata njia ya kufika Sumbawanga: suruali, friji, magodoro yenye ramani za mikojo ya watoto wa Kizungu, na sasa kompyuta. Zilikuja na nywele za paka. Zilikuja na majivu ya sigara yaliyogandamana kwenye feni kama ukoko wa uji. Moja ilikuja na mende mkavu, mkubwa, wa rangi ambayo Luciana hakuwahi kuiona kwa mende wa nchi hii. Alimtoa kwa kibano, akamweka dirishani, akamtangazia mwenye kompyuta kwamba huyu ndiye mwekezaji waliyeambiwa anakuja.

Zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale mjini. Kwa miaka kumi na mmoja alipiga barua za wakubwa, akizisahihisha kimyakimya, mpaka ulipokuja mtindo wa kupunguza wafanyakazi. Barua ya kumpunguza aliipiga mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kuipiga. Ilikuwa na makosa matatu. Aliyasahihisha, akampelekea bosi asaini, akafunika mashine na kitambaa chake, akaenda nyumbani. Baadaye akasoma kompyuta Mbeya miezi sita, akarudi na flopi kumi na mbili ndani ya kopo la maziwa ya unga, akageuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa ofisi. Alipiga chapa na kutengeneza, lakini kilichomjengea jina ni kupima. Mtu akitaka kununua kompyuta aliipitisha kwanza kwa Luciana. Akisema nzima, ni nzima. Akisema mbovu, muuzaji aliibeba akaenda kutafuta mteja Matai, ambako habari zilikuwa bado hazijafika.

Mwezi wa saba mwaka huo Calvin akaingia na kompyuta begani. Calvin alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Luciana, kijana wa miaka ishirini na sita aliyefuata mitumba ya kompyuta Tunduma na kuiuza huku juu. Alinukia pafyumu kama harusi mbili zimegongana barabarani. Upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba ulikuwa unakata masikio, yeye ana miwani ya jua juu ya kipara.

"Shikamoo mama mdogo. Nimekuletea ndege."

Luciana alimjibu marahaba, na mkononi alikuwa tayari ameshika bisibisi. Akavua kava. Safari hii harufu ya vumbi haikufua dafu mbele ya ile pafyumu, na hilo peke yake lilimtia kichefuchefu. Alifungua dirisha lote.

Kompyuta ile kiwandani ilipewa mwendo wa megahezi mia tatu. Calvin alikuwa ameikaza. Alihamisha jampa, kile kijiplastiki kisichofikia punje ya muhindi kinachokaa juu ya pini za ubao, akakichomeka kwenye pini za pembeni, na mashine ikaanza kukimbia mia nne na hamsini. Hakulificha. Alilisema kwa majigambo, kama mtu aliyemfundisha punda Kiingereza. Luciana alilijua jambo lenyewe. Mwalimu wake wa Mbeya alikuwa akilifanya kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Si dhambi, alikuwa akisema, mradi mashine iweze kuvumilia, na hakuna anayejua kama itavumilia mpaka aipime. Basi akamuuliza Calvin ameipimaje. Calvin akasema amecheza karata ndani yake dakika kumi na haikuganda.

Luciana alimtazama kama alivyomtazama mende.

Mnunuzi alikuwa Mzee Shija wa Muze, kule chini bondeni, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka ya themanini na kuongeza mashamba ya mpunga. Kompyuta ilikuwa kwa ajili ya binti yake Minza, aliyekuwa amemaliza kozi ya uhazili na alitaka kufungua chumba cha kupiga chapa palepale Muze. Walimu wa kule walikuwa wakipandisha mitihani yao Sumbawanga kuja kuchapwa, wakirudi na karatasi zilizoloa au wasirudi nazo kabisa. Jenereta ya nyumbani ipo. Bei ilikuwa ng'ombe wawili, na Mzee Shija alikuwa amesema mbele ya watu kwamba wawili watatoka zizini kwa ajili ya hilo sanduku, wa tatu hatoki. Likifa, Minza atakwenda Kahama kumlelea kaka yake watoto, na habari ya uhazili iishie hapo.

Luciana akaipima kama alivyopima zote. Flopi ya saba katika lile kopo ilikuwa na programu ya kuitesa mashine: inaipa hesabu ndefu zisizo na mwisho, hesabu ambazo majibu yake programu inayajua tayari. Mashine ikikosea hata tarakimu moja, programu inasimama na kusema. Hapo ndipo mashine zilizokazwa huumbuka. Zinaweza kukuonyesha picha nzuri na karata zikapangika, kumbe kwenye hesabu zinadanganya. Aliiwasha Jumatatu asubuhi, kava nje, dirisha wazi kwa sababu ile harufu ya Calvin ilikataa kuondoka. Alikaa pembeni na sweta mbili na kitenge mabegani, akichapa ripoti ya mradi wa visima na kusikiliza feni. Jumanne umeme haukukatika, ambalo ni jambo la kuandikwa. Jumatano asubuhi mashine ilikuwa bado inahesabu bila kosa. Aligusa bati la kupoza lililokaa juu ya prosesa, akalikuta baridi kama sufuria iliyolala nje.

Hakufurahi. Alitaka sana kumkamata yule kijana na kosa. Lakini hakulipata, na Luciana hakuwa mtu wa kutunga kosa. Akaandika kwenye karatasi, Imepimwa, nzima, akaweka herufi ya jina lake, akaibandika.

Alhamisi Mzee Shija na Minza wakapanda na lori, warudi nalo kesho yake. Luciana alimwamkia mzee, akamkaribisha kiti cha karibu na ukuta usiopitisha upepo. Minza alikuwa amevaa koti la mwanamume lililomfika magotini, meno yanagongana, na glasi ya chai ameikumbatia kwa mikono miwili bila kuinywa. Calvin alikuwa anazungumza. Alizungumza habari za mwendo mpaka Mzee Shija akaanza kuikodolea macho ile kompyuta kama inaweza kuondoka.

Minza alisubiri Calvin amalize, kisha akamuuliza Luciana meza aiweke upande gani wa chumba. Alieleza kwamba nyumba yao ni ya bati, haina dari, na kwamba mchana upande wa jua haukaliki.

"Unakuwa na joto sana?" Luciana aliuliza, akitafuta kalamu.

"La kawaida tu, mama. Mishumaa ndiyo inatusumbua. Tusipoiweka mtungini, saa saba inalala yenyewe mezani."

Luciana aliacha kutafuta kalamu. Alitazama dirisha lililo wazi. Akatazama sweta zake mbili, moja juu ya nyingine, na mikono ya Minza kwenye glasi. Siku mbili nzima aliipima mashine iliyokazwa, kava nje, kwenye chumba ambacho nyama ingekaa bila kuoza, kisha akaandika jina lake kwamba itafaa mahali ambapo mshumaa haustahimili mchana.

Na haikuwa hii tu. Mwaka uliopita mwalimu mmoja wa bondeni alimrudishia kompyuta aliyoipima yeye, imekufa. Luciana aliifungua, akanusa, akaona vumbi jekundu, akamwambia yule mwalimu mbele ya wateja kwamba kompyuta si banda la kuku, kwamba ameiua kwa uchafu wake. Mwalimu aliomba radhi. Aliomba radhi, maskini, akaibeba akaondoka. Sasa Luciana alijisikia kinyaa ambacho hajawahi kukisikia kwa mende wala majivu wala mkojo wa panya. Hicho kilikuwa kinaanzia ndani na hakina kava la kuvua.

Calvin, ambaye ujinga wake haukuwa wa macho, alimwona alivyobadilika. Akamwita mlangoni, akanong'ona kwamba karatasi imeshabandikwa na mzee ameshaiona. Mama mdogo asijitafutie maneno. Kompyuta imefaulu. Ikifia Muze, imefia Muze. Hakuna anayebeba maiti kupanda nayo milima ya Lyamba lya Mfipa. Akamkumbusha na marehemu dada yake, kwamba angekuwepo angetaka mtoto wake asaidiwe.

Luciana alirudi ndani, akasimama mbele ya Mzee Shija kama alivyokuwa akisimama mbele ya bosi.

"Mzee, nimekosea. Hii mashine nimeipima kwenye baridi. Kwa joto la kwenu sijaipima."

Mzee Shija akasema, taratibu sana, kwamba yeye kompyuta haijui, na huyu kijana hamjui. Alichonunua ni ile karatasi. Kama karatasi nayo inaomba msamaha, basi yeye amekuja Sumbawanga kuota baridi. Minza aliweka glasi chini. Alianza kukunja mikono ya lile koti na kuikunjua, na Luciana akaona afadhali angetukanwa.

Akasema wampe mpaka jioni. Alihitaji chumba chenye joto la Muze, na kwa mwezi wa saba pale Milanzi chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu. Mungu na amsaidie, kilikuwa jikoni kwa Kristiana.

Kristiana alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta na alipika pombe ya ulezi. Alhamisi ndiyo siku aliyochemsha, mapipa mawili juu ya kuni tangu alfajiri, jiko lenye kidirisha cha kupitisha paka. Luciana hakuwahi kukanyaga mle. Kwa miaka mingi alikuwa ameizungumzia pombe ile, uchachu wake, machicha yake, nzi wake, na walevi wanaokojolea michongoma yake, kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka ua. Sasa alisimama mlangoni na ekstensheni mkononi, nyuma yake Calvin na kompyuta, nyuma yake Minza na monita, na Mzee Shija mwisho kabisa, mikono nyuma.

Kristiana aliwasikiliza wote mpaka mwisho huku akikoroga pipa. Kisha akafuta jasho kwa kanga, akamgeukia Luciana.

"Mama Adolfu, si wewe uliyesema jikoni kwangu hata nzi wanaingia wakitubu?"

"Nilisema."

"Basi ingia utubu nao."

Ila kuna sharti, akasema. Hakuna anayeingia jikoni kwake mara ya kwanza bila kuonja. Ndivyo alivyofanya mama yake Kristiana na bibi yake. Alichota kikombe cha bati kutoka kwenye mtungi wa pombe iliyokomaa, akampa. Mle ndani moshi ulikuwa umeshika ukuta mpaka ukang'aa kama lami. Kuku alikuwa amelala juu ya gunia la kimea. Povu la rangi ya udongo lilikuwa linapumua juu ya kikombe, na ndani ya povu kitu kidogo chenye miguu kilikuwa kinajaribu kujiokoa. Luciana alikitoa kwa kidole. Akafumba macho, akanywa. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Waliweka kompyuta juu ya kinu kilichogeuzwa. Safari hii Luciana aliifunga kava, maana Muze nayo ingefungwa kwa ajili ya vumbi. Hapakuwa na kipimajoto. Minza ndiye aliyepata akili: akaomba mshumaa, akausimamisha kwenye kigoda karibu na mashine, bila kuuwasha. Ukianza kuinama, akasema, hapo wapo nyumbani. Kristiana akaongeza kuni. Zenon, mzee mmoja aliyekuwa ameketi pale tangu saa nne akisubiri pombe ambayo ingeiva Jumamosi, akajiteua kuwa mlinzi wa mshumaa, akausogelea na kuukazia macho kwa uaminifu ambao hakuwahi kuuonyesha kwa kazi yoyote.

Programu ikaanza kuhesabu. Luciana alivua sweta moja, kisha ya pili. Calvin alitoka jasho, na pafyumu yake ikachanganyika na moshi na uchachu hadi ikazaliwa harufu ambayo haina jina katika lugha yoyote. Mzee Shija, peke yake kati yao, alionekana kustarehe.

"Unalala," Zenon akatangaza.

Kweli, mshumaa ulikuwa umeanza kuinama kichwa kama mtu kanisani. Luciana akatazama saa. Dakika kumi mashine ilihesabu vizuri. Dakika kumi na tano, vizuri, na Calvin akaanza kutabasamu. Dakika ya ishirini na mbili programu ikasimama. Iliandika mstari mmoja kwamba jibu lililopatikana silo linalotakiwa. Kabla Luciana hajamaliza kuwasomea, skrini nzima ikageuka bluu.

Calvin alisema ni moshi. Aliposhindwa kwenye moshi akasema ni umeme, halafu ekstensheni, halafu akamtazama kuku. Luciana alimwacha aorodheshe. Alizima, akafungua kava, akagusa bati la kupoza na kuondoa kidole haraka. Akachukua kibano, akang'oa ile jampa, akairudisha ilikotoka kiwandani. Mia tatu. Akafunga, akawasha, akaanzisha mateso upya.

Safari hii walikaa. Mshumaa ulilala kabisa, ukajikunja, Zenon akaomba mwingine ili asikose kazi. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Kristiana aliwapa mihogo ya kuchoma. Minza hakula, alikuwa amepiga magoti mbele ya skrini, koti amelivua, na kila hesabu ilipokubali midomo yake ilitikisika kidogo. Mapipa yalipoepuliwa, saa tatu na ushee zilikuwa zimetimia na mashine haijakosea hata tarakimu moja.

"Mama," Minza akauliza, "kwa mwendo huu mdogo, barua itachelewa kiasi gani?"

"Haitachelewa. Kitakachochelewa ni vidole vyako. Mia nne na hamsini ni ya watu wanaocheza michezo ya vita."

Calvin akadakia kwamba kama ni hivyo basi wote wafurahi, biashara iendelee, ng'ombe wawili kama walivyopatana. Mzee Shija akageuka kumtazama kwa mara ya kwanza siku ile. Alimwambia kwamba aliuziwa mbio na sasa anapewa mwendo wa kawaida, kwa hiyo ng'ombe ni mmoja. Na huyo mmoja naye hatoki leo. Kwao, akasema, ng'ombe mgeni analala zizini kwa mnunuzi siku saba, anaangaliwa anavyokula, anavyokunywa, anavyokunya, ndipo muuzaji analipwa. Na muuzaji naye analala palepale ili asije akasema alibadilishiwa. Kijana ashuke Muze na kompyuta yake. Siku saba. Ikiwa bado inahesabu, atapanda na ng'ombe.

Calvin aligeuka rangi. Akamtazama mama yake mdogo amsemee. Alimwita mama, akaacha hata lile neno mdogo.

Luciana alikuwa na moshi machoni na ladha ya ulezi kwenye ulimi, na nguo zake zote zilinuka kiasi kwamba angezichoma kama zisingekuwa nzuri. Alisema mzee amesema vizuri. Kisha akamgeukia Mzee Shija na kuongeza ombi lake mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo Kristiana alilazimika kuacha kukoroga ili aisikie: kuna mwalimu bondeni, mrefu, ana kovu kwenye kidevu, ambaye kompyuta yake ilikufa mwaka jana. Wakimpata, wamwambie hakuwa mchafu. Wamwambie ailete, ataifanyia bure.

Ijumaa asubuhi lori likapakia sokoni. Mzee Shija alikaa mbele na dereva. Minza alipanda nyuma, akajipangia nafasi kati ya magunia, ameikumbatia kompyuta iliyozungushiwa blanketi. Calvin alipewa monita aipakate. Alikuwa amevaa koti la ngozi, amejipulizia tena, na wanawake wawili waliokuwa karibu naye walikuwa wamekwisha kuhamia upande wa pili.

Akainama juu ya ubavu wa lori. Alitaka kujua, mama mdogo, hivi Muze hasa kuna joto kiasi gani.

Luciana alikaza kamba ya monita, akaivuta kuhakikisha, akamwambia avue koti kabla hawajaanza kushuka.